Jina Litakuja la Mwanaume

Kwa miaka mitano na ushee, kila mteja aliyetaka kunilipa kwa simu nilimwambia maneno yaleyale kabla hajabonyeza: "Jina litakuja la mwanaume. Usishtuke."

Anayeishi Bongo anaijua hiyo. Ukituma pesa, kabla haijaondoka simu inakuonyesha jina la mwenye laini, ili uhakikishe hujakosea namba. Basi mteja anasoma kwa sauti, muuzaji anaitikia "ndiyo huyo huyo," kila mtu anaendelea na safari yake. Mimi nilikuwa naitikia jina la mtu niliyeachana naye. Fundi wa gereji anakula chapati zangu mbili na maharage, anatoa simu yenye grisi, ananisomea majina matatu ya mwanaume, nami mwanamke mzima, kanga kiunoni, unga mpaka kwenye nyusi, najibu: "Ndiyo mimi." Wengine walicheka. Kuli mmoja wa bandarini, mwenye mdomo kama redio, alizoea kabisa. "Mzee, niongezee mchuzi!" Nilimwongezea mchuzi na tusi dogo juu yake.

Ilikuwaje? Lilipotoka tangazo kwamba laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, mimi namba hiyo sikuwa nayo. Nilitoka Lindi na begi moja, na cheti cha kuzaliwa hakikuwemo kwa sababu hakijawahi kuwepo. Mume wangu alikuwa nayo. Foleni ndefu, laini zinazimwa, akasema, "Sajili kwa kitambulisho changu. Mke na mume si kitu kimoja?" Nikaona kweli, tulikuwa kitu kimoja.

Mwaka uliofuata nikajifungua. Nikiwa bado ndani ya arobaini, maofisa wa vitambulisho wakaja ofisi ya serikali ya mtaa, hatua chache tu kutoka tulipopanga. Mama yangu, aliyekuja kunilea, akanifunika kanga mbili, nikatembea polepole, nikapigwa picha, nikaweka vidole, nikarudi kulala. Hapo kwenye arobaini pakumbuke, nitapahitaji mbele.

Kitambulisho kilipotoka nikakitia kwenye kopo la majani ya chai. Ndoa nayo ikaisha. Hatukurushiana vyombo, tulichokana tu, kila mtu akashika njia yake, na yeye huleta matumizi ya mtoto anapokumbuka. Lakini laini ilibaki kwa jina lake. Nilikwenda mara moja kuibadilisha, kimashine kikakataa vidole vyangu, mhudumu akasema nirudi siku nyingine, nami nikasonya nikaondoka. Nikajiambia simu inaita, pesa inaingia, jina ni jina tu. Ndiyo jeuri yangu hiyo, mama yangu aliisema tangu nina miaka minne.

Jeuri ilianza kunitokea puani pale mabinti wa benki walipoanza kupita na vishikwambi vyao kufungulia akina mama akaunti palepale mezani. Mimi ni kijumbe. Tuna mchezo wetu, wanawake kumi na mmoja tunaouza kati ya Gerezani na Kariakoo, wa vitunguu, wa dagaa, wa mitumba. Kila siku kila mmoja anatoa kidogo, kijumbe anakusanya, Jumamosi anapewa mwenye zamu yake. Wenzangu wakataka tufungue akaunti ya kikundi, tuache kuhifadhi pesa kwenye simu ya mtu mmoja, na baadaye tuweze kukopa. Binti wa benki akaingiza namba ya kijumbe. Akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akaangalia kioo tena.

"Samahani mama, huyu ni nani?"

"Ni yeye huyo!" wenzangu wakamjibu kwa pamoja, wakaangua kicheko.

Binti hakucheka. Akasema kwa upole kwamba mweka hazina hawezi kuwa mtu ambaye hayupo. Nirekebishe jina kwanza, ndipo tuendelee. Kumi wakabaki wakinisubiri mimi mmoja. Wakawa waungwana, hawakunilaumu. Na mimi nikaendelea kuchelewa mpaka yule mwanamke aliponipigia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, donge la unga liko mkononi.

"Wewe nani?" Sauti ya mwanamke kijana, haina hata salamu.

"Mimi nauza chapati. Unataka ngapi?"

"Nakuuliza wewe nani unayetumia kitambulisho cha mume wangu! Nimeangalia kwenye simu, ziko laini tatu. Yake, yangu, na hii. Hii ni ya nani?"

Makubwa! Madogo yana nafuu. Nilijua baba mtoto alikuwa ameoa, ila sikujua kama kamuoa mpelelezi. Mori ukanipanda mpaka masikioni.

"Kamwulize huyo mumeo," nikamwambia. "Mwambie umeongea na mpangaji aliyehama." Nikakata, nikalipiga lile donge kwenye meza mpaka sahani zikaruka.

Jioni mume wangu wa zamani akaja mwenyewe. Alisimama pembeni ya benchi la wateja kama mtu aliyekuja kuomba moto.

"Mama mtoto, nisaidie. Nyumbani hapakaliki. Kaapa kwamba nina kimada na nimemnunulia laini."

"Kimada! Mimi! Niliyekufulia soksi miaka sita!"

"Ndiyo maana nimeamua. Ile laini naifuta. Nimemwahidi, si Jumatatu hii, ile inayofuata, haitakuwemo kwenye kitambulisho changu."

"Na namba yangu?"

"Utapata nyingine. Namba si namba tu?"

Yarabi. Nilitamani kumtia kichwa kwenye sufuria ya maharage. Nilimwambia, na watu wote wa pale walisikia, kwamba mimi sina fremu. Wenzangu wana fremu, wana vibao na taa, wana mlango wa kufunga. Mimi nina meza ya mbao na jiko la mkaa, na manispaa wakipita nahama nalo. Leo niko huku gereji, kesho nimesukumwa kule kwenye barabara ya mwendokasi. Kitu kisichohama ni ile namba. Mawakala wa forodha bandarini wanayo, wanaagiza chapati arobaini kabla jua halijapanda. Mafundi wanayo, hata wa Feri kule wanaouza samaki wanayo. Wamenihifadhi "mama chapati." Namba hiyo nimeipaka rangi nyekundu kwenye ubao wa meza. "Fremu yangu ndiyo hiyo," nikamwambia. "Ukiifuta umenibomolea duka."

Sijui kama ni maneno au ni aibu ya kutazamwa na mafundi wote wale, ila alilainika. Tukakubaliana kuihamisha badala ya kuifuta. Wote wawili tuende, yeye aweke kidole cha kuachia, mimi niweke cha kupokea. Ikishindikana mpaka Jumatatu ile aliyoahidi, ataifuta tu, maana yeye naye ana kwake.

Jumatatu hii ya kwanza tukaenda duka la mtandao wa simu. Dada wa kaunta, binti mdogo mwenye kucha ndefu, akatupa kimashine. Mwenzangu akaweka gumba lake. Kikasoma papo hapo. Bila shaka, vidole vya mtu asiyeosha hata kikombe chake.

Zamu yangu. Gumba la kulia, kikalia mlio wa kukataa. La kushoto, kikakataa. Cha shahada, cha kati, cha pete. Vyote kumi. Binti akanipangusa kwa karatasi laini, tukarudia. Akaniambia nipake kidole puani kipate mafuta, nikapaka, watu wa foleni wakinitazama najichezea pua kama mtoto. Kikakataa.

Hapo nikalipuka. "Hivi hiki kidude kinataka vidole au kinataka uvivu? Kinataka mtu ambaye hajafanya kazi?" Foleni ikacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Binti hakukasirika. Akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. "Mama, unafanya kazi gani?"

"Chapati."

"Unazigeuza kwa mkono?"

"Kwani wewe hugeuza kwa mguu?"

Akatabasamu. "Mistari imeungua, mama. Haijafa, imelala tu. Wanakuja hapa wamama wa Feri wanaoparua samaki, vidole vyao vivyo hivyo. Vipumzishe wiki. Visiguse moto, visiguse ndimu wala pilipili. Usiku lala na mafuta ya mgando, uvae soksi mikononi. Kisha rudi."

Ndipo nikaikumbuka arobaini. Vidole walivyonavyo serikalini ni vya yule mzazi aliyelala wiki tatu akinyweshwa uji wa pilipili manga, mama yake akimkataza hata kufagia. Mara moja maishani nimepumzika, na ndiyo mara hiyo waliyonichukua alama. Tangu hapo kila siku nimekuwa nikijifuta mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye kikaango. Nilitoka pale dukani, na sitadanganya, niliumia.

Nje mwenzangu akaniambia, bila kunitazama, "Mwisho Jumatatu ijayo, mama mtoto. Zaidi ya hapo siwezi."

Nisingeweza kufunga wiki nzima. Mteja wa chapati hana ndoa, akikukosa siku mbili anahamia kwa jirani na anakusahau. Msaidizi nisingempata kwa siku moja. Kwa hiyo Jumanne nikanunua mwiko bapa. Loh! Waliosema kazi ya mkono ni ya mkono hawakukosea. Chapati ya kusukuma ya tabaka, ukiigeuza kwa mwiko inakunjika, inachanika, inamwaga mafuta kwenye mkaa, moshi unapanda. Na mkono wangu ulikuwa haunisikii. Ninashika mwiko kwa kulia, kushoto kunakwenda kwenyewe. Mpaka saa nne nilikuwa nimeungua mara tatu na wateja wawili wamenirudishia chapati, wanauliza kama leo nauza matambara.

Hapo ndipo alipofika. Nilimjua kabla hajasema. Dera safi, mkoba chini ya kwapa, macho yanatafuta namba nyekundu kwenye meza.

"Wewe ndiye wa laini?"

"Ndiye mimi."

"Mume wangu kasema eti vidole vyako havikusoma." Akakaza mdomo. "Mimi siamini. Naona ni ujanja wa kuing'ang'ania."

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Nilimnyooshea mikono yote miwili mbele ya uso. "Haya, visome wewe."

Nilidhani atageuka. Badala yake aliweka mkoba kwenye benchi, akanishika mkono wa kulia, akapitisha gumba lake juu ya ncha za vidole vyangu, kimoja kimoja.

"Inauma?"

"Zamani."

Wateja wakawa wanaita. Chapati ikaanza kuungua, mkono wangu wa kushoto ukaenda kuishika, na yule mwanamke akanipiga kofi la mkononi, pa! "Usishike!" Mtu mzima, napigwa kofi na mke wa mume wangu wa zamani mbele ya gereji nzima.

"Sogea," akasema, akakunja mikono ya dera.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa siku ileile. Chapati ya kwanza aliishika akaitupa hewani, "Yarabi toba!" ikaangukia kwenye maharage. Ya pili ikatoka na umbo la ramani ya Tanzania, maziwa yote yapo. Yule kuli wangu wa bandarini akafika katikati ya mkasa, akatutazama, mimi nimekaa na mikono mapajani kama bibi harusi, mwenzangu analia na moshi.

"Mzee!" akapaza sauti. "Umeongeza mke?"

Gereji ikavunjika mbavu. Nikamtazama yule mwanamke nione kama atakasirika. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka mpaka machozi.

Akarudi Jumatano. Safari hii alianza na salamu. "Shikamoo dada." Nikaitikia marahaba kwa kuchelewa kidogo, ili ajue sijasahau ile simu. Akarudi Alhamisi. Kila siku alikuja mumewe akishatoka kwenda kazini, akaondoka kabla hajarudi. Mimi nikakanda unga nimevaa glavu za plastiki, nikahudumia, nikapokea pesa. Ndimu alikamua yeye, na pilipili akaponda yeye. Usiku nililala na mafuta ya mgando na soksi mikononi, mwanangu akinicheka kwamba mama anaogopa baridi Dar es Salaam.

Nilitaka kumchukia, Mungu anajua nilijitahidi. Ila chuki inataka nafasi, na nyuma ya meza yangu hakuna nafasi, magoti yetu yalikuwa yanagusana. Nikamfundisha asubiri mpaka chapati ianze kupumua ndipo aishike, na aishike kwa ukingo. Alikuwa anaelewa haraka. Ijumaa zilitoka za mviringo. Akaniuliza habari za mchezo, maana aliona akina mama wanapita kuacha michango yao.

"Zamu mnapangaje?"

"Tunavuta karatasi. Lakini mwenye shida tunamtanguliza, halafu anayefuata anasubiri."

"Na hamgombani?"

"Tunagombana. Halafu tunamtanguliza."

Akageuza chapati, akalamba kidole kilichoungua. "Mimi sijawahi kulipwa na mtu," akasema. "Yaani hela ya kazi yangu mwenyewe. Yeye ananitumia ya mboga kila asubuhi. Hanipunji, sisemi hivyo." Kisha akauliza kama chumvi kwenye unga imetosha.

Ikafika Jumatatu. Sikupata usingizi, nilikuwa navisugua vidole gizani kuona kama vinakwaruza. Asubuhi mume wa zamani akaja kunichukua pale mezani, akakuta mkewe amekaa kwenye jiko langu. Hakuwa na habari. Mkewe akamwambia, "Nendeni, mtachelewa." Yeye akaniachia mumewe, mimi nikamwachia meza, kopo la pesa na chapati za watu wa forodha. Sijui nani alimwamini mwenziwe zaidi.

Dukani ni binti yuleyule. Alinikumbuka, akanyoosha mkono wake kwanza achunguze wangu. "Umepumzisha, mama?"

"Nimepumzishwa."

Gumba la kulia, mlio wa kukataa. Moyo ukashuka mpaka kwenye kandambili. Mwenzangu pembeni akaangalia saa. Binti akanipangusa, akanishika gumba la kushoto, akalibonyeza yeye mwenyewe juu ya kioo, taratibu, kama anayebandika stempu. Tukasubiri. Kimashine kikafanya mlio mwingine, mfupi, wa kukubali. Kwenye kioo cha binti ikatokea picha ya mwanamke mwenye kanga kichwani, uso umevimba kwa usingizi wa mzazi. Nilikuwa sijaonana naye miaka.

"Ndiye mama?" binti akauliza.

"Ndiye," nikasema. "Ndiye huyo huyo."

Namba ileile ikabaki, jina likabadilika. Baba mtoto akashusha pumzi, akanipa mkono, akakimbilia kazini. Mimi nikatembea kurudi kwa miguu, nikapita katikati ya Kariakoo na mikokoteni ikinipigia kelele nitoke njiani, nikawa natabasamu na watu nisiowajua.

Kuli wangu alikuwa ameshamaliza kula. Akanyoosha simu, akabonyeza namba anayoijua kwa kichwa, akaanza kwa mbwembwe zake, "Haya, jina litakuja la mze—" Akakatika. Akasogeza simu karibu na macho. Akasoma polepole jina langu, jina la baba yangu, jina la babu yangu.

Jina hilo lote pamoja nililisikia mara ya mwisho shuleni, mwalimu akiita mahudhurio. Hapa mjini nimekuwa mama fulani, mama chapati, mama ntilie, mzee. Baba yangu amelala Lindi, hakuwahi kuiona Dar es Salaam, na jina lake limesomwa kwa sauti mbele ya gereji na mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri. Machozi yakanitoka, sikuyazuia.

"Nani huyu?" kuli akauliza.

"Ndiyo mimi."

Yule mtu mwenye mdomo kama redio akavua kofia. "Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Tuma hela, acha maneno."

Nikampigia binti wa benki palepale. Akasema Jumatano atakuja na kishikwambi chake, niwaambie wenzangu kumi waje. Nikapiga vigelegele mwenyewe. Kisha nikamgeukia yule aliyekuwa kwenye kikaango, nikamwambia kazi ya wiki nzima haiwi bure. Nilikuwa nimeshatenga ujira wake na nilitaka uwe muamala wangu wa kwanza kwa jina langu. Akakataa. Nikasisitiza. Akakataa tena, kwa adabu. Nikamwambia kidole kimoja hakivunji chawa, hiki changu kimevunja kwa sababu ya vyake, anitajie namba kabla sijakasirika.

Akaitaja. Nikabonyeza. Nikiwa nasubiri simu inionyeshe jina, yeye akainamisha kichwa, akajifanya anapunguza mkaa.

"Jina litakuja la mwanaume, dada," akasema. "Usishtuke."

Likaja. Majina yale yale matatu, niliyoyaitikia miaka mitano na ushee. Laini ya pili kati ya tatu. Alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza, tena kwa kelele, na mimi nikasikia ile ya tatu tu, ile yangu.

Sikutuma. Nilifungua pindo la kanga, nikatoa noti, nikamfumbatisha mkononi. Ndipo nikaziona ncha za vidole vyake. Nyekundu, laini, zinang'aa, malengelenge mawili kwenye gumba. Wiki nzima alikuwa ananirudishia vyangu, yeye akifuta vyake.

"Kitambulisho unacho?"

"Kipo kabatini."

"Kilete Jumatatu. Mpaka siku hiyo hugusi moto, hugusi ndimu. Usiku unalala na mgando na soksi."

"Na wewe vyako? Si vitaungua tena?"

"Vyangu vimeshasoma. Zamu yako."

Hakuinuka. Chapati ilikuwa imeanza kuvimba kwenye kikaango, na mkono wake ukaenda kuishika, kwa ukingo, kama nilivyomfundisha. Nikampiga kofi la mkononi.

"Sogea," nikamwambia.